Sarafu ya Kerrich: mara 10,000 hewani, na deni ambalo halikuwepo

Mwezi Aprili 1940 mwanahisabati wa Afrika Kusini, John Kerrich, alikuwa matembezini Copenhagen. Zilikuwa zimebaki siku mbili apande ndege kwenda Uingereza, majeshi ya Ujerumani yakaingia Denmark. Safari ikafia hapo. Kerrich aliwekwa kizuizini kwenye kambi huko Jutland, na humo akakaa hadi vita vilipomalizika.

Kambini muda ulikuwa mwingi na vifaa vichache. Akaamua kufanya kwa mkono jambo ambalo wanahisabati walikuwa wakilikokotoa kwa kalamu tangu karne ya 17. Akishirikiana na mzuiliwa mwenzake, Eric Christensen, alirusha sarafu mara 10,000, na kila ilipotua akaandika upande uliokaa juu. Mwaka 1946 matokeo yakatoka kwenye kitabu kidogo cha kufundishia. Pande mbili za sarafu hiyo nitaziita kichwa na mwenge, kama tulivyozoea kwenye shilingi yetu.

Jumla ilikuwa vichwa 5,067 na mienge 4,933.

Wengi wakishaiona jumla hiyo husema "karibu nusu kwa nusu, sawa", wakafunga mjadala. Mimi naona jumla ndiyo sehemu maskini kuliko zote katika kisa hiki. Utajiri uko kwenye mfuatano. Kerrich aliandika hesabu ilivyokwenda njiani, na kwa hiyo tunaweza kumpeleka mahakamani mtu mmoja ambaye kila mtaa unaye: yule anayeamini kwamba bahati ina zamu.

Mnamjua. Anacheza ludo, sita haijamtokea mara kumi, anatikisa dadu huku anaapa kwamba sasa lazima itoke. Anabeti, timu aliyoichagua imefungwa mechi nne, anaongeza dau kwa sababu "haiwezi kufungwa milele". Ndugu zake wamepata binti wa nne, naye anawahakikishia kwamba wa tano ni wa kiume. Hasemi upuuzi wa kutunga. Amesikia mahali kwamba sarafu hutoa nusu kwa nusu, akajenga hoja juu ya hapo: kama mwisho wa yote ni nusu kwa nusu, basi vichwa vikizidi leo, kesho mienge haina budi kuzidi ili mizani irudi. Sarafu ina deni, na deni hulipwa.

Hoja hiyo inavutia kwa sababu nusu yake ya kwanza ni kweli. Mwanahisabati wa Uswisi, Jacob Bernoulli, aliithibitisha kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake: kadiri unavyorusha mara nyingi zaidi, ndivyo inavyozidi kuwa hakika kwamba sehemu ya vichwa itakuwa jirani na nusu. Hiyo ndiyo kanuni ya namba kubwa. Kosa liko kwenye neno "basi" linalofuata. Tutazame daftari la kambini.

Mara 10: vichwa 4, pungufu ya nusu kwa 1
Mara 50: vichwa 25, sawasawa
Mara 100: vichwa 44, pungufu 6
Mara 500: vichwa 255, ziada 5
Mara 700: vichwa 368, ziada 18
Mara 1,000: vichwa 502, ziada 2
Mara 2,000: vichwa 1,013, ziada 13
Mara 4,000: vichwa 2,029, ziada 29
Mara 5,000: vichwa 2,533, ziada 33
Mara 6,000: vichwa 3,009, ziada 9
Mara 8,000: vichwa 4,034, ziada 34
Mara 10,000: vichwa 5,067, ziada 67

Anza na mia ya kwanza. Kufikia mara ya 50 sarafu ilikuwa imegawa sawasawa kabisa, 25 kwa 25. Mtu akiiona hapo atasema imetulia. Lakini katika 50 zilizofuata vilitoka vichwa 19 tu. Hakuna kilichobadilika: sarafu ile ile, watu wale wale, kambi ile ile. Usawa wa mara ya 50 haukuwa nguvu iliyoishikilia sarafu isipotoke. Ilikuwa tarakimu iliyotokea tu.

Sasa kutoka 100 hadi 700. Vichwa vilikuwa nyuma kwa 6, na hapa mtu wetu wa zamu angeshangilia, maana katika mara 600 zilizofuata vichwa vilikuwa 324 na mienge 276. Deni limelipwa! Ila angalia limelipwa vipi: pungufu ya 6 iligeuka ziada ya 18. Huyo ni mdaiwa wa aina gani, anayedaiwa 6 akalipa 24? Halafu kati ya 700 na 1,000 vichwa vikaanguka hadi 134 katika 300, na ziada ikabaki 2. Ukiwa na hamu ya kuona madeni na malipo, utayaona humo. Sarafu inapandisha, inashusha, na jicho la binadamu linaandika hadithi juu ya kila mshuko.

Namna nzuri ya kuipima imani hiyo ni kukata rekodi nzima vipande vya elfu moja moja na kuvitazama kila kimoja peke yake. Vichwa katika vipande hivyo kumi, kwa mpangilio, vilikuwa 502, 511, 497, 519, 504, 476, 507, 518, 504 na 529.

Simama kwenye kipande cha sita. Kufikia mara ya 5,000 ziada ya vichwa ilikuwa 33, na kipande kilichofuata kikatoa 476, yaani mienge ilizidi kwa kishindo na ziada ikashuka hadi 9. Hapa ndipo mtu wa zamu angeweka dau kubwa kuliko yote na kutoka kifua mbele. Lakini vipande vinne vilivyobaki vyote vilivuka 500. Vichwa vilikuwa tayari mbele, na bado vikaongeza 7, kisha 18, kisha 4, kisha 29. Kipande cha mwisho, ambacho kwa mantiki ya deni kingetakiwa kurudisha, ndicho kilichotoa vichwa vingi kuliko vyote.

Ziada ilikuwa 2 mwishoni mwa elfu ya kwanza, ikawa 67 mwishoni mwa elfu ya kumi. Pengo halikuzibwa. Liliongezeka.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi, na huu ndio ninaoupenda. Katika mara 2,000 za kwanza, vichwa vinne mfululizo vilitokea mara 130. Kila baada ya tukio kama hilo, mrusho uliofuata ulikuwa nini? Kichwa mara 69, mwenge mara 61. Kama sarafu ingekuwa na zamu, mienge ingetakiwa itawale hapo, maana vichwa vinne mfululizo ni deni la wazi. Haikutawala. Iligawana kama kawaida, hata ikapungua kidogo. Wala tusigeuke tukasema kichwa "kilikuwa moto". Tofauti kati ya 69 na 61 ni ndogo mno kutangazia chochote. Katika mara 130 za nusu kwa nusu, kupishana kwa namna hiyo ni jambo la kila siku.

Mtu wa zamu hatakubali upesi, na ana jibu linalostahili kusikilizwa. Atasema: "Vichwa vitano mfululizo ni nadra. Nafasi yake ni 1 katika 32. Kwa hiyo vinne vikishatoka, cha tano hakiwezi kuwa rahisi." Hesabu yake ni sahihi, ila ameitumia kwa saa isiyo yake. Ile 1 katika 32 ni nafasi kabla hujarusha hata mara moja. Andika kichwa kama K na mwenge kama M. Mfuatano KKKKK una nafasi 1 katika 32. Mfuatano KKKKM nao una nafasi 1 katika 32, ile ile kabisa. Nne za kwanza zikishatoka KKKK, umebaki na njia mbili tu, zina uzito sawa, na ugumu wa kufika hapo umeshapita. Vichwa vinne ulivyovipata vilikuwa vigumu. Hicho cha tano ni kichwa kimoja tu.

Ludo ni hivyo hivyo. Kukosa sita mara kumi mfululizo kuna nafasi ya kama 16 katika 100, kwa hiyo jioni moja ya ludo itakuonyesha hilo bila shida. Mara ya kumi na moja nafasi ya sita ni 1 katika 6, sawa na mara ya kwanza.

Sasa turudi kwenye nusu ya kweli ya hoja. Kama pengo halizibwi, nusu kwa nusu inatoka wapi?

Chukua mia ya kwanza ya Kerrich: vichwa 44, pungufu 6, yaani asilimia 44. Tuseme baada ya hapo sarafu haikulipa chochote, na katika mara 9,900 zilizobaki ilitoa vichwa 4,950 kamili, nusu barabara. Jumla ingekuwa vichwa 4,994. Pungufu ni ile ile 6, hakuna hata moja iliyorudishwa. Lakini asilimia sasa ni 49.94. Sita katika mia ilikuwa kubwa. Sita katika elfu kumi haionekani. Kanuni ya Bernoulli haimtumi mtu kufuta yaliyopita. Yaliyopita yanabaki pale pale, yanafunikwa na wingi wa yanayokuja. Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo mlango wa somo zima la uwezekano, na ningetamani kila mwalimu aifundishe kabla ya kugusa fomula yoyote.

Pengo lenyewe linaruhusiwa kukua kiasi gani? Mwaka 1733 Abraham de Moivre, Mfaransa mkimbizi wa dini aliyeishi London, alilipatia kipimo. Chukua idadi ya mirusho, tafuta kipeuo chake cha pili, kigawe kwa mbili. Kwa mara 100 unapata 5. Kwa mara 1,000 unapata karibu 16. Kwa mara 10,000 unapata 50. Hicho ni kiasi cha kawaida cha kupotoka kutoka nusu, na kwa mara 95 hivi katika 100 hutapotoka zaidi ya maradufu yake. Mirusho ikiongezeka mara mia, pengo la kawaida linaongezeka mara kumi. Pengo linakua, ila idadi inakua kwa kasi zaidi, na hapo ndipo asilimia inapobanwa kuelekea 50.

Pima vile vipande kumi kwa kipimo hicho. Mara mbili ya 16 ni 32, kwa hiyo kipande cha kawaida kiwe kati ya 468 na 532. Vyote kumi viko ndani. Hata 476 iliyotushtua na 529 ya mwisho ni tabia ya sarafu isiyo na kasoro.

Kwenye daftari kuna jambo ambalo msomaji makini atakuwa ameshaliona. Mwisho wa elfu ya kwanza vichwa vilikuwa asilimia 50.2, na mwisho wa elfu ya kumi vilikuwa asilimia 50.67. Mirusho iliongezeka mara kumi na bado tukasogea mbali na nusu! Je, Bernoulli amekosea? Hapana. Kanuni yake haisemi kwamba kila hatua itakuwa karibu kuliko iliyotangulia. Inasema kwamba uwezekano wa kuwa mbali unazidi kupungua. Mara 1,000 zinaruhusu kwa urahisi kupotoka kwa asilimia 3 kila upande. Mara 10,000 zinaruhusu asilimia 1. Kerrich alipata 50.2 mapema kwa bahati tu, ndani ya uwanja mpana. Baadaye uwanja ukawa mwembamba, naye akawa bado yumo.

Na hapa kuna hesabu inayowasumbua hata wanafunzi wazuri. Ukirusha mara 10, nafasi ya kupata vichwa 5 kamili ni kama 25 katika 100. Ukirusha mara 100, nafasi ya kupata 50 kamili ni kama 8 katika 100. Ukirusha mara 10,000, nafasi ya kupata 5,000 kamili haifiki hata 1 katika 100. Kadiri unavyorusha ndivyo usawa kamili unavyokuwa adimu, huku ukaribu wa asilimia unazidi kuwa wa hakika. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja bila kugombana. Karl Pearson, mwanatakwimu wa London, aliporusha mara 24,000 akapata vichwa 12,012, ziada ya 12 tu, alikuwa amepata matokeo laini kuliko kawaida; kwa idadi hiyo hata ziada ya 70 isingemshangaza mtu.

Imani ya zamu ina makao yake halali, nayo ni karata, na hapa naona watu wengi huhukumiwa kwa ukali usiostahili. Pakiti ya karata 52 ina nyekundu 26 na nyeusi 26. Umetoa tano, zote kopa na uru, na hujazirudisha. Zimebaki 47, na nyeusi ni 26 kati yake. Nafasi ya nyeusi imepanda hadi zaidi ya asilimia 55. Hapa nyeusi kweli ina zamu, kwa sababu kila nyekundu iliyotoka imeacha pakiti ikiwa na upungufu unaoweza kuuhesabu. Mchezaji mzuri wa arubastini anayekumbuka kilichokwisha kupigwa anafanya uwezekano halisi, hata kama hajawahi kusikia jina la Bernoulli. Mtu aliyekulia kwenye meza ya karata amejifunza jambo la kweli, kisha amelibeba hadi kwenye sarafu na dadu ambako halina nguvu. Karata zina pakiti inayopungua. Sarafu haina kitu kinachopungua. Ikitua, iko vile vile ilivyokuwa kabla ya kuruka. Zirudishe karata tano, changanya vizuri, na nyeusi inarudi nusu kwa nusu papo hapo.

Swali la kuuliza mbele ya mchezo wowote, basi, ni hili: kilichotoka kimeondoa nini kwenye kinachobaki? Kwa karata ambazo hazijarudishwa, kimeondoa. Kwa dadu, sarafu na kadi za bahati nasibu zinazochanganywa upya kila mara, hakikuondoa chochote.

Tofauti hii inagharimu fedha. Kuna mbinu ya kamari ambayo watu huuziana kama siri: weka 1,000, ukipoteza weka 2,000, kisha 4,000, endelea kuzidisha mara mbili hadi ushinde, maana ushindi "lazima uje". Hata kwenye mchezo wa haki kabisa wa nusu kwa nusu, ukipoteza mara kumi mfululizo umeshatoa shilingi 1,023,000, na dau la kumi na moja ni shilingi 1,024,000. Likishinda, faida yako yote ni shilingi 1,000. Mfululizo wa kumi unaonekana hauwezekani, lakini katika mara 2,000, ambazo ni sehemu ya tano tu ya kazi ya Kerrich, mfululizo wa kichwa wa namna hiyo unategemewa kama mara moja, na wa mwenge vivyo hivyo. Na michezo ya kampuni za kamari haiko nusu kwa nusu.

Limebaki swali la sarafu yenyewe. Je, 5,067 inamaanisha ilikuwa na upande mzito? Kiasi cha kawaida cha kupotoka ni 50, yeye alipotoka 67. Sarafu ya haki kabisa ingepotoka kiasi hicho au zaidi, upande wowote, kama mara 18 katika 100. Huwezi kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa namna hiyo, wala sarafu.

Kwa kasoro ndogo, mara 10,000 ni chache. Mwanatakwimu Persi Diaconis na wenzake walionyesha mwaka 2007, kwa fizikia ya mzunguko, kwamba sarafu inayorushwa kwa kidole gumba inapendelea kidogo kutua na upande ule ule uliokuwa juu ilipoanza. Mwaka 2023 kundi la watafiti likarusha sarafu mara 350,757 kwa mikono kulijaribu hilo: upande wa kuanzia ulirudi juu kwa asilimia 50.8 hivi, wakati kichwa na mwenge havikuonyesha upendeleo wowote. Kwa mara 10,000, upotokaji wa kawaida ni nusu asilimia, hivyo tofauti ya asilimia 0.8 ingeweza kujificha ndani ya upotokaji huo. Kwa mara 350,757 upotokaji huo unashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia, na tofauti ile ile inasimama wazi. Kwa hiyo mkikata mambo kwa shilingi, anayechagua kichwa au mwenge asionyeshwe upande ulio juu kabla haijaruka.